Ngazi isiyo na nafasi ya ndugu

Kila Machi, ripoti ya furaha duniani ikitoka, magrupu ya WhatsApp hujaa orodha ile ile: Finland juu, sisi chini. Finland inaongoza mfululizo tangu 2018. Mwaka huo, na mwaka uliofuata pia, Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 156. Watu wanaisambaza kama matokeo ya mtihani wa taifa, na roho inaniuma.

Orodha yote inatokana na swali moja la Gallup, kampuni ya Marekani ya kura za maoni. Fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10. Cha juu ni maisha bora kabisa kwako, cha chini ni mabaya kabisa. Umesimama wapi? Wewe, peke yako.

Sawa, umaskini unaumiza. Mama anayeamka saa kumi usiku kupanga ndoo bombani hana sababu ya kujiweka kwenye kipandio cha nane, na mtalii anayesema "maskini lakini wana furaha" ananiudhi kuliko ripoti yenyewe. Hospitali yenye dawa na ofisi isiyodai rushwa, walivyo navyo Wafini, nasi tunavitaka.

Lakini kamuulize shangazi yangu. Nyumba ameezeka bati, ng'ombe anakamuliwa, afya anayo. Atakujibu habari za mdogo wake aliyekosa ada ya mtoto. Huyo akiwa amekwama, shangazi naye amekwama. Mtoto akifaulu, vigelegele vya kwanza ni vyake. Nimemwona msibani, khanga kiunoni, anachambua mchele kwenye sinia na wenzake. Mmoja analia, mwingine anasimulia vituko vya marehemu mpaka wote wanacheka, aliyekuwa analia naye anacheka. Utamweka kipandio gani mtu huyo, siku hiyo?

Bhutan, nchi ndogo ya milimani huko Asia, wana kipimo chao cha furaha chenye nyanja tisa, zikiwamo uhai wa jamii na matumizi ya muda. Kizuri, ingawa maelfu ya watu wenye asili ya Nepal waliofukuzwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakuionja hiyo furaha.

Ripoti ya 2025 angalau iliangalia watu wanakula na nani. Waendelee hapo hapo. Waulize: ukifiwa, nani atalala kwako siku tatu? Ukiugua, nani atauza mbuzi wake? Na wewe, umeuza wa kwako kwa ajili ya nani? Wakishauliza hayo watupange upya, na tukiwa tena wa 153 nitakubali.