Pampu Isiyorudi Sifuri

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kila uvumi unapozuka kwamba bei itapanda, kituo cha mafuta kilicho jirani na nyumbani kwangu huishiwa petroli siku moja kabla. Jumatano hiyohiyo mchana, bila mtu yeyote wa mtaani kuona lori likishusha shehena, petroli huwa tele, kwa bei mpya bila shaka.

Hilo ningelivumilia, kama isingekuwa ule mchezo wa pampu. Juma lililopita niliagiza mafuta ya shilingi 20,000, na mhudumu, kwa adabu iliyopita kiasi, akaniuliza kama ningelipa kwa simu au taslimu. Nilipoinua macho kutoka kwenye pochi, tarakimu zilikwishafika 6,000 ilhali mpira ulikuwa ndiyo kwanza unaingizwa kwenye tangi. Nilipohoji kwa nini hakurudisha pampu sifuri baada ya bodaboda aliyenitangulia, alinijibu kwamba mashine ina haraka. Mashine!

Stika ya Wakala wa Vipimo ilikuwa imebandikwa pale pale, nami sina sababu ya kuitilia shaka, kwa kuwa kilichokaguliwa ni kipimo cha lita wala si mkono wa anayeshika mpira. Nilipodai risiti, niliambiwa karatasi imekwisha, jambo ambalo kwa kituo hicho hutokea mara nyingi kuliko petroli kwisha.