Koti la Ahero

Mimi nilienda tu kununua fremu. Jumapili, soko la Kibuye kule Kisumu, mama mmoja ameanika vitu vyake kwa gunia, nikapata fremu ya mbao soo moja na nusu, nikasema hii ndio ya picha ya harusi yetu, maana bibi amenisumbua nayo tangu tuoane. Kufika nyumbani natoa kadibodi ya nyuma, kumbe kuna picha ingine ya kitambo, ya blakenwaiti, mwanaume amesimama kando ya redio kubwa, koti safi, tai fupi imeishia juu ya kitovu, halafu ukishuka miguuni ni akala za tairi. Nyuma kwa penseli: Ahero 1970.

Mtu wa akili angeiweka kando. Mimi nikasema huyu mzee lazima nimjue. Nikaipachika juu ya ile ya harusi, glasi ikazibana zote isije ikakunjika, nikapanda matatu.

Stage ya Ahero jamaa wa boda akaangalia, akaita mwenzake, mwenzake akaita mama wa nyanya. "Si hiyo koti naijua! Huyo ni marehemu wa kule kwa mpunga."

Wakanipeleka kwa boma ya huyo marehemu, nikaanza maswali: mzee aliacha watoto wangapi, na shamba lake liliishia wapi. Yaani niliuliza hivyo kwa mdomo wangu. Kimya. Dani, ndio shosho kwa Kijaluo, akanishika kidevu, akanigeuza kwa mwanga. "Pua ni yake. Nyathina, nilijua tu utakuja."

Wanaume watatu wakainuka, mmoja na jembe. "Omera, hapa kila mtu ashapata title yake."

Nikajitetea, mimi wa Kakamega, baba yangu yuko hai, nikampigia na lauspika wasikie. Baba akasikiza kesi yote mpaka mwisho, akauliza, "Ni ekari ngapi?"

Aliyeniokoa ni jirani mmoja mzee na mkongojo wake, aliona picha akacheka mpaka akakohoa. Kumbe mpiga picha alikuwa na koti moja tu, akaipasua mgongoni ndio itoshee kila mtu, unavishwa kwa mbele kama aproni unabanwa na vibanio vya nguo. Skimu ya mpunga ilikuwa imeanza 1969, watu wako na pesa, kila mtu anataka picha. Akatuma mtoto alete yake: koti ile ile, redio ile ile, tai kwa kitovu.

"Sasa huyu wangu ni nani?"

Akaangalia tena. "Huyo hata simjui."

Dani hakutaka kusikia. Fremu ishapigiwa msumari ukutani juu ya kiti cha marehemu, na nani angemwambia aitoe? Nikala samaki yao, nikapewa mchele kilo mbili, nikaondoka nimefurahi kabisa mpaka Nyamasaria kwa jam ndio nikakumbuka nyuma ya yule mzee tuko mimi na bibi tumeshika keki.

Nimemwambia fremu iko kwa fundi inapigwa vanishi. Leo asubuhi ameuliza ni fundi gani.