Gari la mamilioni, huduma ya kibandani

Hizi yadi za brandi mpya za kifahari hapa Mombasa Road zinaboesha bana! Siku ya kununua unapewa kahawa, jamaa wa mauzo anakuita bosi kila sentensi, halafu ukirudi juu skrini imezima yenyewe unaambiwa keti kwa benchi fundi ameenda lanchi, na spea inatoka ng'ambo wiki ijayo, hiyo wiki haifikangi. Lexus, brandi ya kifahari ya Toyota, ndio walikuwa wameingia soko Marekani 1989, gari zao za LS 400 zikapata kasoro, wakafuata magari hadi nyumbani kwa wateja, wakatengeneza, wakarudisha yameoshwa na tanki imejaa. Mimi hata kuoshewa sitaki (kuna vijana wa kaoshi hapa kwetu), shikeni tu simu jameni!