Kumbuka, Halafu Ufanye Nini?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kuna sheria ndogo ya shambani ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Umevuna, umefunga miganda, umerudi nyumbani, ndipo unakumbuka kuna mganda mmoja umeuacha kule. Usirudi kuuchukua. Si wako tena, ni wa mgeni, yatima na mjane. Mwenye mizeituni na mwenye mizabibu nao hawarudii kuchuma masazo. Na sababu inatolewa hapohapo, mstari wa 22: kumbuka kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri.

Marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, waliikalia kitako sheria hii wakaona kichekesho chake: ni amri usiyoweza kuipangia. Ukikusudia kusahau, hujasahau. Katika Tosefta, mkusanyo wa kale wa mafundisho yao, kuna kisa cha mchamungu mmoja aliyesahau mganda shambani. Alipogundua, akamtuma mwanawe akamtolee ng'ombe dume wawili, mmoja sadaka ya kuteketezwa na mwingine sadaka ya amani. Kijana akashangaa: mbona amri hii imekufurahisha kuliko nyingine zote, baba? Mzee akamjibu kwamba amri nyingine zote Mungu aliwapa wazitimize kwa kujua, lakini hii wameitimiza pasipo kujua. Ng'ombe wawili kwa mganda mmoja! Mimi nampenda sana mzee huyu.

Nimeanzia shambani kwa makusudi. Ukitaja Wayahudi na kumbukumbu mbele za watu, mazungumzo huruka moja kwa moja hadi Auschwitz, kambi ambamo Wanazi waliwaua Wayahudi, kisha Gaza, na chai haijapoa watu wameshagawanyika. Lakini wajibu huu wa kukumbuka ni wa kale kuliko hayo yote, na kwa maoni yangu unakuja na kipimo chake. Swali si kama unakumbuka. Swali ni kwamba, ukishakumbuka, yule asiye na shamba anapata nini?

Tazama kwanza kinachokumbukwa. Mataifa mengi yakisimulia asili yao husimulia wafalme na mashujaa. Wayahudi wanasimulia kwamba babu zao walikuwa watumwa wa kufyatua matofali. Na hawaruhusiwi kuisimulia kama habari ya watu wengine. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inasema katika kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Ndiyo maana usiku wa Pasaka mtoto mdogo ndiye anayeuliza maswali, na majibu mengine yanapitia mdomoni: mkate usiotiwa chachu, mboga chungu zinazotafunwa hadi uso ukunjamane. Wanapofika kwenye mapigo kumi, huchovya kidole kwenye kikombe cha divai na kudondosha tone moja kwa kila pigo. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba furaha lazima ipungue, kwa kuwa kuna Wamisri waliokufa. Talmudi nayo, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, inasema malaika walipotaka kuimba Wamisri wakizama baharini, Mungu aliwanyamazisha: kazi ya mikono yangu inazama, nanyi mnaimba?

Pembeni kidogo: kule Mbale, Uganda, wapo Waabayudaya, jamii iliyoanza kushika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku ibada yao. Wanajeshi wa Tanzania walipoingia Kampala na utawala wake ukaanguka, ilikuwa Aprili 11, 1979, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Watu hao hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia Farao ni nani.

Sasa twende Warsaw, Poland, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndani ya geto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliunda kikundi cha siri kilichokutana Jumamosi, kikajiita Furaha ya Sabato. Kazi yao ilikuwa kukusanya ushahidi: insha za watoto wa shule, kadi za mgawo wa chakula, tiketi za tramu, karatasi za peremende, matangazo yaliyobanduliwa ukutani, taarifa za waliotoroka kambi za mauaji. Uhamishaji mkubwa wa watu kwenda kambi za mauaji ulipoanza mwaka 1942 walianza kuyafukia chini ya ardhi, kwanza kwenye masanduku ya bati, baadaye kwenye madebe ya maziwa. Sehemu moja ilifukuliwa mwaka 1946, nyingine mwaka 1950. Ringelblum aliuawa mwaka 1944 pamoja na mkewe na mwanawe.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hawakuficha aibu za kwao. Waliandika wazi juu ya polisi wa Kiyahudi waliowakamata Wayahudi wenzao, na juu ya waliokula vizuri huku jirani akifa njaa. Akiwa mafichoni, Ringelblum aliandika pia juu ya Wapolandi, waliosaliti na waliosaidia. Mtu anayewindwa alikuwa na kila haki ya kuandika mashtaka matupu. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapouona ule mganda tena: amemwachia mtu mwingine haki yake.

Lakini fungua ukurasa unaofuata wa kitabu kilekile. Sura ya 25, mstari wa 17: kumbuka alichokutenda Amaleki, taifa lililowashambulia Waisraeli walipotoka Misri. Aliwavamia waliochoka, nyuma ya msafara. Futa kumbukumbu lake chini ya mbingu, usisahau. Kumbuka mbili, sura mbili zinazofuatana. Ya kwanza inakufanya umwachie mgeni nafaka, ya pili inakutafutia adui. Ni rahisi sana kuchagua hii ya pili. Februari 25, 1994, siku ya Purimu, sikukuu inayosomewa habari za Amaleki, Baruch Goldstein aliingia katika msikiti wa Hebron akaua Waislamu 29 waliokuwa wakiswali. Oktoba 2023 Benjamin Netanyahu naye alilitaja jina hilo alipozungumzia vita vya Gaza.

Onyo lilishatolewa na mtu mwenye haki ya kulitoa. Yehuda Elkana alipelekwa Auschwitz akiwa mtoto wa miaka kumi, akapona, akawa mwanahistoria wa sayansi nchini Israeli. Mwaka 1988 aliandika katika gazeti la Haaretz kutetea kusahau. Kutoka majivu ya Auschwitz, alisema, yametoka mataifa mawili: wachache wanaosema jambo hili lisitokee tena kamwe, na wengi wenye hofu wanaosema lisitokee tena kwetu. Mimi dawa yake siikubali, kwa sababu anayenufaika na usahaulifu mara nyingi ni muuaji. Lakini ugonjwa aliutambua sawasawa. "Lisitutokee" ni kumbukumbu iliyoondolewa mgeni, na Torati haimtaji mgeni pembeni kama pambo. Ndiye sababu ya amri.

Na marabi wenyewe walishaanza kuufunga mlango huo wa kumsaka Amaleki. Mishna inasimulia kwamba Mwamoni mmoja, mtu wa taifa jirani la Israeli, aliyeongoka aliomba kupokewa katika jamii, na andiko lilikuwa likimkataza. Rabi Yoshua akampokea kwa hoja kwamba Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alikwisha kuyachanganya mataifa yote, kwa hiyo hakuna awezaye kusema nani ni nani. Baadaye wapo marabi walioitumia hoja hiyo kwa Amaleki pia. Sabato inayotangulia Purimu amri bado inasomwa sinagogini, lakini kwa hoja yao hakuna tena mtu wa kunyooshewa kidole. Mganda wa shambani hauwezi kuondolewa wenyewe wake kwa hoja kama hiyo, maana mgeni, yatima na mjane hawahitaji kutambuliwa kwa ukoo.