Safu ya Mbele Ina Wenyewe

Kwenye kumbi ndogo za muziki wa roki mjini Tokyo, kabla hujapewa hata tiketi yako ya kinywaji, unaulizwa mlangoni: umekuja kuona bendi gani? Mara ya kwanza nilidhani dada wa mapokezi anapiga soga. Nikamjibu, zote. Akatabasamu, akaendelea kusubiri. Ikabidi nitaje moja, naye akatia alama kwenye karatasi yake.

Usiku ule zilikuwa zinapiga bendi tano za vijana waliojipodoa na kusimamisha nywele, ule mtindo uitwao visual kei. Namba yangu ya kuingia ilikuwa ndogo, nikawahi kushika chuma cha mbele kabisa, pua na jukwaa. Sikukaa sana. Binti mmoja mfupi, taulo shingoni, alinigusa begani kwa adabu zote za Kijapani, akaniomba radhi mara mbili, kisha akanionyesha ninapotakiwa kusimama: nyuma, pembeni, karibu na nguzo. Kwa lugha nyepesi, pale mbele pana wenyewe.

Baadaye ndipo nilipofunuliwa. Kila bendi ina mashabiki wake wakongwe, na kati yao yupo anayegawa nafasi za safu ya mbele. Wanamwita shikiri. Bendi haikumteua, ukumbi haumlipi, wala hakuna palipoandikwa kwamba ana madaraka. Lakini hata uingie na namba moja, nafasi uliyoiwahi unamkabidhi yeye, naye anaipanga: mashabiki wa mpiga gitaa wakae huku, wa mpiga besi kule, fulani leo ni zamu yake ya katikati. Bendi ikimaliza, kundi lile linatoka na la bendi inayofuata linaingia, kama askari wanaobadilishana lindo. Kisha kila wimbo una miondoko yake. Mikono juu, inama, tikisa kichwa mpaka nywele zifagie chuma, geuka, ruka. Ole wako uwe mbele halafu usimame kama mlingoti.

Kinachoniuma ni kwamba muziki huu ulizaliwa na watu waliochoka kupangwa. Bendi ya X, ambao baadaye walijiita X Japan, walianzishwa mwaka 1982 na Yoshiki na Toshi, vijana wa shule kutoka Tateyama, mkoa wa Chiba, nchi ambayo shule nyingi zinakuamulia hadi rangi ya nywele. Mwaka 1986 Yoshiki akafungua lebo yake mwenyewe, Extasy Records. Ilipotoka albamu ya X iitwayo Blue Blood mwaka 1989, zile nywele zilizosimama wima zilikuwa jibu tosha kwa kila mwalimu wa nidhamu. Leo mashabiki wa muziki huo wamejijengea shule yao wenyewe, ina viranja, ina sare, na ina adhabu ya kununiwa.

Halafu kuna suala la pesa. Kwetu kwenye taarab, mtu akikolea anainuka, anacheza taratibu mpaka jukwaani, anamtunza mwimbaji noti zake mbele za watu. Ana lake jambo, sikatai. Huenda noti ile ni kijembe kwa mwanamke aliyekaa meza ya pili. Lakini sote tumeona, mwimbaji kaona, na anayerushiwa kijembe kaona. Tokyo nako kuna kutunza, wenyewe huita mitsu, ila kunafanyika chini kwa chini: mfuko wa karatasi unaopenyezwa baada ya onyesho, ndani yake saa, nguo ya bei mbaya, au bahasha ya kodi ya nyumba. Hakuna anayesema, na kila mtu anajua. Binti mwenye mfuko mnene zaidi ndiye anayetazamwa kwa jicho la husuda, na hapo mpiga gitaa mwenyewe anageuka kisingizio tu cha ugomvi wao.

Nitakuwa sijatenda haki nisipoeleza lile swali la mlangoni. Bendi changa ikitaka kupiga kwenye ukumbi inapewa idadi ya tiketi za kuuza. Isipoifikia, pengo inalilipa kutoka mfukoni. Ile alama kwenye karatasi ndiyo hesabu ya nani kaleta watu wangapi. Sasa chukua bendi yenye watu 30 wanaoifuata. Wale 30 ndio mafuta ya gari, ndio nyuzi za gitaa, ndio podozi. Ndiyo maana wimbo uleule mmoja unatolewa kwa CD za aina A, B na C, kila aina na kinyongeza chake, ili mtu anunue zote tatu. Ndiyo maana picha za papo kwa papo, cheki, zinauzwa ndani ya bahasha iliyofungwa, usijue umepata ya nani, na anayemtaka mpiga dramu peke yake ananunua kumi na kupata mpiga dramu mmoja, akiwa na bahati. Shikiri niliyemlaani usiku ule pengo la tiketi analiziba kwa mshahara wake. Nashindwa kumchukia.

Ninaowalaumu ni bendi. Zinaona yote kutoka jukwaani, mita moja tu, na zinanyamaza kwa sababu utaratibu unalipa. Kisha siku ukumbi unapopungua wanashangaa kwa nini watu wapya hawaji. Waje wasimame nguzoni?

Sisi wa mbali hatuna safu ya mbele, kwa hiyo tumejitungia ya kwetu. Huku cheo kinapimwa kwa tarehe. Ulianza lini? Ulianzia wapi? Ukijibu kwamba ulianzia kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, umekwisha, wewe ni wa kapu la chini. Basi na nikiri: mimi nilianzia kwenye anime. Rafiki alinipa flashi yenye vipindi vya Fullmetal Alchemist, na wimbo wa ufunguzi, "Ready Steady Go" wa L'Arc-en-Ciel, ukanifanya niwe narudisha nyuma kabla hadithi haijaanza. Kwa miaka niliificha asili hiyo kama mtu anayeficha kijiji alikotoka. Nikiulizwa nasema X, albamu ya Jealousy, 1991, mwaka ambao hata kusoma sikujua.

Na mabishano yenyewe! Kuna watu wanaweza kukesha wakibishana kama L'Arc-en-Ciel ni visual kei au la, wakati mpiga besi wa bendi hiyo aliwahi kuondoka kwa hasira kwenye kipindi cha NHK, televisheni ya umma ya Japani, mwaka 1999 kwa kuitwa hivyo. Kuna wanaokurukia ukiandika jina la hide, mpiga gitaa wa X, kwa herufi kubwa. Kuna wanaoilia Dir en grey ya Januari 1999, ilipotoa single tatu siku moja chini ya uzalishaji wa Yoshiki, rangi tele usoni. Bendi ile ilipunguza podozi, ikaongeza uzito, mwaka 2006 ikazunguka Marekani kwenye ziara ya Family Values pamoja na bendi ya Korn. Wamekua. Mashabiki hao wamebaki na picha ile ya zamani mkononi, wakiidai bendi sura yake kama mtu anayedai deni.

Lakini lililonifanya niandike ni Oktoba 2023. Tarehe 19, Atsushi Sakurai, mwimbaji wa bendi ya Buck-Tick, aliugua ghafla jukwaani Yokohama, akafariki usiku uleule, miaka 57. Siku kumi baadaye akafariki Heath, mpiga besi wa X Japan, miaka 55. Habari zilipotoka, watu wengi waliomsikia Sakurai kwa mara ya kwanza siku hiyo walikwenda kumsikiliza, wakaandika kwamba sauti hii ni nzuri, tumechelewa. Wakajibiwa kwa matusi. Eti umekuja na msiba. Eti taja albamu tano. Jamani, tangu lini mfiwa akasimama mlangoni kuwauliza waliokuja kuhani walimjua marehemu mwaka gani? Matangani kila anayeingia anapewa mkeka. Nilisoma majibu yale mpaka saa nane usiku, na mengine yalikuwa ya watu ninaowaheshimu. Buck-Tick wenyewe, wanne waliobaki, walipanda jukwaa la Budokan, ukumbi mkubwa wa Tokyo, tarehe 29 Desemba mwaka uleule na kuwapigia waliokuja.

Ningependa kusema mimi simo. Mwaka jana binamu yangu, kidato cha tatu, alinitumia kipande cha video cha hide akiwa na gitaa lake, na maneno mawili: "Huyu nani?" Nilikuwa na kila kitu cha kumwambia. Badala yake vidole vikaandika vyenyewe: "Leo ndiyo unamjua? Alifariki 1998, hata hujazaliwa." Nikatuma. Alama mbili za bluu zikatokea, basi. Wiki nzima hakuniandikia.

Nilimtumia "Ready Steady Go", bila maelezo. Akajibu kwa kidole gumba.