Joto na hewa safi: bomba moja au kila kimoja na lake?

Ndugu aliyeko Kanada akikutumia ramani ya nyumba, nawe ukataka kuijenga Njombe au Uyole kule Mbeya, utakuta humo mitambo miwili tusiyoizoea. Mmoja ni tanuri la kupasha nyumba joto, lenye feni kubwa na mabomba ya kupeleka hewa ya moto vyumbani. Mwingine ni mashine ya kubadilisha hewa: inatoa hewa nzito na kuingiza safi, na hewa hizo zinapishana ndani yake bila kuchanganyika, ile inayotoka ikiiachia inayoingia sehemu kubwa ya joto lake. Kule mafundi hubishana: mashine hii ipitishie hewa kwenye mabomba ya tanuri, au iwekewe yake?

Wanaotaka bomba moja wana hoja. Mabomba ya tanuri yanafika kila chumba tayari. Ukiingiza hewa safi kwenye bomba linalorudisha hewa kwenye tanuri, inapashwa kwanza ndipo isambae. Dari haifumuliwi mara mbili, na nyumba iliyokwisha kupigwa plasta inanusurika nyundo.

Kasheshe iko kwenye feni. Hewa safi iliyoingia kwenye bomba la tanuri haifiki chumbani sawasawa mpaka feni ya tanuri izunguke. Tena kama mashine inavuta hewa nzito na kuingiza safi kwenye bomba lile lile la kurudishia, feni ikisimama tu, sehemu ya hewa safi inavutwa na kutupwa nje kabla haijamfikia mtu. Kwa hiyo mashine ikiwaka, feni nayo lazima iwake. Piga hesabu ya LUKU: mota ya kizamani ya wati 400, ikizunguka usiku na mchana, inakula uniti 9.6 kwa siku, yaani 288 kwa siku 30. Mteja wa TANESCO wa matumizi madogo anatakiwa asivuke uniti 75 kwa mwezi! Mashine ya hewa peke yake, tuseme ya wati 80, haifiki 60. Zipo mota za kisasa zinazokula kidogo zikizunguka polepole, na mwenye nayo ana haki ya kunibishia.

Kanada gharama hiyo inabebeka, maana tanuri linafanya kazi miezi mingi. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu kali ni Juni hadi Agosti, na hata Julai jua likiwaka mchana watu wanavua makoti. Miezi mingine yote feni kubwa ingezungushwa kwa ajili ya hewa tu. Mwenye nyumba ya wageni kule Kitulo, juu ya mita 2,500, ningemsikiliza zaidi. Naye ningemshauri njia ya katikati: hewa nzito ivutwe bafuni na chooni kwa mabomba yake yenyewe, ile safi tu ndiyo ipite kwenye bomba la tanuri.

Ila wengi wetu hatuna tanuri. Tuna jiko la mkaa linaloingizwa ndani likishakolea, na wenye uwezo wana meko ya ukutani yenye bomba la moshi, wanachoma mabanzi ya paini kutoka Mufindi. Huku mvutano wa joto na hewa ni mkali kuliko wa Kanada. Matundu ya juu ya dirisha yanaingiza baridi usiku kucha, mkaa una bei, kuna mtoto mchanga. Anayeyaziba kwa matambara au karatasi ya mfuko wa saruji simwoni mjinga. Fundi jipsamu akimaliza dari na madirisha ya alumini yakifungwa, nyumba imeziba kabisa. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaodanganya watu, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua waliolala. Hapo sioni pande mbili: jiko la mkaa lisilale ndani, matundu yawepo yasiwepo.

Meko ya ukutani yana bomba lake, lakini nayo yanahitaji hewa ya kuchoma. Katika nyumba iliyoziba, ukiwasha feni ya jikoni inayotupa hewa nje, hewa ya kufidia inatafuta njia, na njia rahisi ni kushuka kwenye bomba la moshi. Jaribu kabla ya kuwasha moto: funga madirisha na milango, washa feni zote, kisha shika udi unaofuka kwenye mdomo wa meko. Moshi ukipanda kwenye bomba, vizuri. Ukirudi sebuleni, mwambie fundi atoboe tundu la kuleta hewa ya nje mpaka mekoni, lenye kifuniko kitakachofungwa tu moto ukishazimika na majivu kupoa. Mpaka litobolewe, feni ya jikoni na moto visiwashwe pamoja.