Robo kijiko? Mie mtoto wa Wete bwana

Jumatatu ya pili ya Oktoba huku Kanada ni sikukuu yao ya Thanksgiving, skuli zimefungwa, baridi ndo inabisha hodi, na miti ya mepo (maple) yote imegeuka rangi utadhani imemwagiwa zafarani. Kamusi inasema msimu huu ndo vuli. Mie nikisikia vuli nangojea mvua, huku yanaanguka majani, basi tu.

Sasa nikasema leo watoto siwapi maandazi, nawapikia wafo za boga kama wenzao wa skuli, ile mikate ina vijumba vijumba kama sega la nyuki. Mashine nilishainunua ya mtumba, dola 8. Resipe nikatoa intaneti: unga vikombe 2, mayai 2, boga la kuponda kikombe 1, maziwa, siagi, beking pauda, halafu viungo. Mdalasini vijiko 2 vya chai, tangawizi 1, kungumanga nusu, karafuu ROBO.

Robo! Mie nimezaliwa Wete, Pemba, nimekulia juu ya jamvi la karafuu, usiku tunachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka vidole vinanuka wiki nzima hata ukila samaki unasikia karafuu, leo mtu aje anipimie robo ya kijiko cha chai? Huo si uchoyo, huo ni ufedhuli. Nikavuta kopo alonipa mama nilipokwenda likizo, nikazisaga kwenye mashine ya kahawa ya mume wangu (hiyo kesi bado ipo, haijaamuliwa) nikatia vijiko vitatu. Vya kulia. Kuonja sikuonja, mayai mabichi yale.

Harufu lakini! Ilitoka mpaka koridoni, bibi jirani wa Kikanada akagonga mwenyewe kuuliza tunapika nini, nikamwambia karibu ukae. Mezani yupo na ami yangu, kaja kutembea tangu wiki mbili, na wiki zote mbili ni gego la kushoto tu linamuuma, usiku halali, chakula hali, tunangojea miadi ya daktari wa meno.

Wafo ya kwanza ikaganda kwenye mashine nikaikwangua na kisu. Ya pili ikachanika katikati, nusu juu nusu chini. Ya tatu ikatoka nzima jamani, kahawia, imekauka vizuri pembeni, nikaimwagia sirapu ya mepo mpaka vijumba vyote vikajaa.

Mwanangu wa miaka 6 ndo alianza. "Mama, ulimi wangu umeondoka."

Nikamwambia kula wewe, acha maneno. Nikajitia kipande na mie. Mwanzo tamu, wallahi tamu, mara moto, mara ukakasi, halafu ganzi. Imeanzia ncha ya ulimi ikaja midomoni, nikawa najipapasa mdomo mana nauhisi umefika sikioni. Mume wangu anataka kuniuliza umetia nini humu, kinatoka "umechia ini umu?" na mie namjibu "kaafuu". Watoto wanacheka huku wanajing'ata ndimi ili wahakikishe haziumi. Na bibi jirani, hawa watu adabu zitawaua, kaimaliza yote, anatabasamu upande mmoja, chai inamchirizika kidevuni na habari hana, nikampa kitambaa akanishukuru bila kujua cha nini.

Mume wangu akachukua simu akasoma, kumbe karafuu ina kitu kinaitwa yujenoli, ndo hicho madaktari wa meno wanachotumia kutulizia jino. Hapo ndo nikamkumbuka marehemu bibi, ukilia jino usiku anakubandika karafuu moja, MOJA, unalala mpaka asubuhi. Mie kwa hesabu zangu nimewalisha watu tawi zima.

Nikaanza kukusanya sahani na aibu yangu, nimeinama hivi sitaki kumtazama mtu usoni. Nikafika kwa ami, nikavuta sahani yake, haiji. Kaishika kwa mikono miwili. Nikamtazama, anatafuna, tena upande wa kushoto.

"Iachie apo apo," akanambia. "Na zilobaki nichie kwenye friji, miadi yangu mpaka Alkhamisi."